Tovuti inapokwama, kosa si la mtandao kila mara

KILA mwaka Juni 30 inapokaribia, wakazi wa Kisii, Nyamira na Keroka huelekea katika vituo vya intaneti, maarufu kama saiba, kuwasilisha taarifa zao za ushuru. Anayechelewa hutozwa faini isiyopungua Sh2,000. Pilkapilka kama hizo hushuhudiwa pia matokeo ya KCSE yanapotangazwa. Ukurasa ukikawia kufunguka, lawama zote huelekezewa mtandao.

Zamani lawama hizo zilikuwa na msingi. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufikishwa Mombasa mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti ya kimataifa, na huduma ilikuwa ghali na ya mwendo wa pole. Siku hizi, aghalabu ukurasa hukwama ndani ya seva yenyewe, kutokana na jinsi msimbo wa programu ulivyoandikwa.

Mkulima wa majani chai wa Nyamira anaielewa vyema hali hii. Kituo cha kununulia majani kikiwa na mizani moja, foleni haipungui hata wapagazi wakiongezwa na lori la pili likiletwa. Kazi yote huenda kwa mwendo wa mizani.

Katika programu pia, mahali panapobana huwa pachache. Mwaka wa 1971, mtaalamu wa tarakilishi wa Marekani, Donald Knuth, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kwa kawaida chini ya asilimia 4 ya programu hutumia zaidi ya nusu ya muda wake wote wa kufanya kazi.

Tuchukue mfano wa programu inayoorodhesha wakulima 500 pamoja na kilo walizouza. Mwandishi wake huiuliza hifadhidata majina ya wakulima, kisha huiuliza tena kilo za kila mmoja. Hayo ni maswali 501. Kila swali likichukua milisekunde 10, mtumiaji atasubiri zaidi ya sekunde 5. Programu hiyo ilipojaribiwa kwa wakulima 10, maswali yalikuwa 11 pekee, ukurasa ukafunguka mara moja na kasoro haikuonekana.

Dawa yake ni swali moja linalounganisha majina na kilo. Aidha, nambari za wakulima zinafaa kuwekewa faharasa. Bila faharasa, hifadhidata hupekua rekodi zote, mithili ya karani anayetafuta jina katika daftari lisilopangwa.

Kasoro kama hiyo haipatikani kwa kukisia bali kwa kupima. Kwanza, vivinjari vina zana zinazoonyesha muda uliotumika kuisubiri seva na muda wa kupakua ukurasa. Ikiwa picha kutoka seva hiyo hiyo inafika upesi ilhali orodha inakawia, mtandao hauna hatia.

Pili, hifadhidata kama vile MySQL na PostgreSQL zinaweza kuweka kumbukumbu ya maswali yanayochukua muda mrefu. Tatu, kuna programu maalumu za kupima muda unaotumiwa na kila sehemu ya msimbo. Mojawapo ya zile za awali, gprof, ilielezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka wa 1982.

Hatimaye, mhandisi hurekebisha jambo moja kwa wakati, kisha hupima tena akitumia data nyingi kama ile ya siku yenye shughuli tele. Akibadilisha mambo matano kwa pamoja, hatajua ni lipi lililosaidia.

Kununua seva kubwa kabla ya kupima ni sawa na kuongeza wapagazi penye mizani moja. Fedha zitatumika, lakini foleni itabaki pale pale, na mwenye kuumia ni mkazi wa Keroka aliyeketi saiba akihesabiwa dakika huku siku ya mwisho ikiyoyoma.