Ng'ombe wa Ukara analetewa msosi ndani!

Jana nilibishana na mjomba wangu hapa Nzuguni. Anataka kuuza ng'ombe wake wote. Toka Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, sehemu aliyokuwa anachungia imekatwa viwanja, nyumba kila kona. Anasema bila pori Mgogo hafugi.

Nikamwambia mbona Wakara walifuga bila pori? Wakara ni watu wa kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kaskazini ya Ukerewe (kule kilikozama kivuko cha MV Nyerere Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 220).

Kisiwa chenyewe hakifiki kilomita za mraba 100 na watu wamebanana tangu enzi za ukoloni. Ndo maana Wakara wa zamani walimfungia ng'ombe ndani, kwenye shimo, wakamletea majani. Na majani yenyewe mengine yalipandwa makusudi kwenye mashimo kando ya ziwa! Samadi waliizoa, wakaipeleka shambani. Katikati ya uwele walipanda mmea wa jamii ya marejea, halafu wakaufukia urutubishe udongo. Hata mti ulikuwa na mwenyewe, hujikatii tu. Mabwana shamba wa Mwingereza walikuwa wanaenda kushangaa.

Lakini msije mkadhani Mkara kaumbwa na bidii kuliko sisi. Waliohamia bara kwenye ardhi tele, wengi waliachana na mambo ya shimo na samadi, wakalima kama majirani zao. Kuna wanaowalaumu. Mimi siwalaumu, kazi ile inavunja mgongo, nani aifanye wakati pori lipo? Ile desturi ililetwa na ufinyu wa kisiwa. Na Nzuguni ya leo, ukizungukwa na fensi pande zote, si kisiwa hicho?

Mjomba akacheka. Akasema hata Mgogo analaza ng'ombe ndani ya tembe, ila asubuhi lazima watoke. Halafu Ukara ziwa liko mlangoni, sisi mvua miezi minne tu, majani yatatoka wapi? Hapo kweli alinibana.

Ila leo asubuhi kanipigia. Jike mmoja anambakiza, atamlisha mabua ya mtama na mashudu. Mwenye kujua bei ya mashudu ya alizeti hapa mjini animwagie hapo chini tafadhali, mzee anasubiri jibu.