Mandhari na Maudhui: Menyu Zinapotoweka katika Tovuti ya Kiswahili

Katika uhakiki wa fasihi, mandhari ni mahali na wakati wa matukio, nayo maudhui ni mambo anayoyazungumzia mwandishi. Katika ujenzi wa tovuti, istilahi hizi mbili zimepewa kazi mpya. Mandhari ni sura ya nje ya kurasa: rangi, aina ya herufi na mpangilio. Maudhui ni makala na picha zilizomo. Asiyetofautisha mambo haya mawili hutaharuki mandhari inapobadilishwa, menyu ikatoweka, na makala yakaonekana kana kwamba yamefutwa.

Na uchukuliwe mfano wa chama cha wanafunzi wa Kiswahili kinachoandaa tovuti yake Kiamunyi, mtaa wa Nakuru ulio kando ya barabara iendayo Eldama Ravine, kwa kutumia WordPress, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2003. Humo makala huhifadhiwa katika hifadhidata, ilhali mandhari hukaa katika faili zake yenyewe. Kwa hiyo kubadilisha mandhari hakufuti makala. Anayekimbilia kuyapakia upya huishia kuwa na nakala mbili mbili.

Menyu nayo ina siri yake. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010, menyu hutungwa kwanza, kisha hupangiwa nafasi katika mandhari, kwa mfano juu ya ukurasa au chini yake. Kila mandhari huzitaja nafasi zake kwa majina yake. Majina yasipolingana, menyu hukosa makao: ipo, ila haionekani. Dawa ni kuichagua menyu ileile, kuipangia nafasi upya na kuhifadhi. Katika mandhari za bloku, zilizopata kihariri chake katika toleo la 5.9 mwaka 2022, menyu huwekwa kama bloku ndani ya kihariri hicho.

Marekebisho yasipoonekana, huenda kivinjari kinaonyesha nakala ya zamani kiliyoihifadhi. Ukurasa ufunguliwe katika dirisha la faragha. Tatizo likizidi, programu-jalizi zote zizimwe, kisha ziwashwe moja baada ya nyingine. Ile ambayo kuwashwa kwake kunarudisha kasoro ndiyo yenye lawama. Aidha, anayehariri faili za mandhari afanye hivyo katika mandhari-tanzu, kwani mandhari-mama inaposasishwa mabadiliko yaliyofanywa ndani yake hufutika.

Zipo kasoro nyingine ambazo chanzo chake ni lugha. Mandhari nyingi hubuniwa kwa kuzingatia maneno mafupi ya Kiingereza. Kichwa kama "Wasiliana na Uongozi wa Chama" hujikunja katika skrini ya simu na kuziba jina la tovuti, "Mawasiliano" hutosha. Kasoro kubwa zaidi ni ya upatanisho wa kisarufi. Kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki, hivyo mbunifu huweza kulihifadhi neno moja la sifa na kuliunganisha na nomino yoyote. Katika Kiswahili husemwa kitabu kipya, ukurasa mpya, majarida mapya. Tafsiri moja ya sifa hiyo haiwezi kuzifaa nomino zote tatu. Kinachopasa kutafsiriwa ni kirai kizima. Yapo pia maneno yaliyochomekwa moja kwa moja ndani ya faili za mandhari pasipo kuandaliwa kwa tafsiri. Hayo hubaki katika Kiingereza hata lugha ya tovuti iwekwapo kuwa Kiswahili.

Kwa hiyo fundi pekee hatoshi. Yeye huirejesha menyu mahali pake, lakini mwanafunzi wa ngeli na mofolojia ndiye atambuaye kwa nini menyu iliyorejea inasomeka vibaya. Tovuti ya Kiswahili isiyozingatia upatanisho huwafunza wasomaji wake makosa kila wanapoifungua.