Jaketi la Kuokoa Maisha si Mto wa Kukalia

Msomaji, huenda likizo hii ukafika Homa Bay, uabiri boti pale Mbita kwenda kustarehe kisiwani Mfangano au Takawiri. Au huenda ukajivinjari majini Muhuru Bay, kule Migori. Kabla hujapanda chombo, fahamu haya.

Mtu anayezama mara nyingi hapigi mayowe, kwani hana pumzi ya kuita. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika chache tu, huanza kuharibika. Ziwa Victoria nalo huchafuka ghafula. Kwa hivyo vaa jaketi na ulifunge barabara mkiwa bado ufuoni. Mtoto avae linalomtosha. Likiwa kubwa litamchomoka.

Je, pikipiki za majini? Nyingi hazipindi ukiachilia mafuta, hivyo usikaribie waogaji. Kamba ya kuzima injini ifungwe mkononi. Pombe isubiri nchi kavu.

Kukagua vyombo, hata vya ziwani, ni kazi ya Halmashauri ya Masuala ya Baharini (KMA), iliyoundwa mwaka wa 2004. Lakini mkaguzi hayuko kila ufuo. Muulize nahodha: Una kibali? Unabeba watu wangapi? Majaketi yanatosha? Akibabaika, ngoja boti nyingine.

Na aliyeopolewa akiwa hapumui, usimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Mlaze chali, mzibe pua, mpulizie pumzi mdomoni, kisha mbonyeze kifua kwa nguvu: mara 30 kwa kila pumzi 2. Usiache hadi usaidizi ufike.