Shinikizo la Damu Litokanalo na Figo: Dalili, Tiba na Njia ya Rufaa

Kwa wagonjwa wengi wa shinikizo la juu la damu, hakuna chanzo kimoja kinachoweza kuondolewa. Kwa wachache, tatizo huanzia katika ateri za figo, yaani mishipa ipelekayo damu kwenye figo. Mshipa huo ukiwa mwembamba, figo hupata damu pungufu na kujiendesha kana kwamba mwili mzima umepungukiwa. Hutoa kemikali iitwayo renini, mishipa ya mwili hubana, chumvi na maji huzuiwa, na shinikizo hupanda. Harry Goldblatt wa Marekani alionyesha jambo hilo mwaka 1934 kwa kubana ateri za figo za mbwa.

Kwa wazee, wavuta sigara na wenye kisukari, mshipa huzibwa na mafuta yaliyoganda. Kwa vijana, hasa wanawake, ukuta wa mshipa wenyewe huweza kuwa na kasoro.

Mwone mganga mapema iwapo:
- shinikizo limeanza kabla ya umri wa miaka 30, au limepanda ghafla baada ya miaka 55;
- linabaki juu ya 140/90 ingawa unameza dawa tatu kwa utaratibu;
- vipimo vya damu vinaonyesha figo zinadhoofu.

Tiba ya kwanza ni dawa, kupunguza chumvi na kuacha sigara. Baadhi ya wagonjwa hupanuliwa mshipa kwa puto dogo lipitishwalo kwenye mrija kutoka pajani, na pengine huwekewa kijimrija cha waya kiitwacho stenti. Puto huwafaa zaidi vijana wenye kasoro ya ukuta wa mshipa. Kwa walioziba kwa mafuta, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa wengi hawapati nafuu kubwa kuliko watumiao dawa pekee.

Angalizo: kaptopili, enalapili na losatani huweza kudhuru figo iwapo mishipa yote miwili ni myembamba. Kwa hiyo usiazime dawa ya jirani, wala usiache yako bila ushauri.

Anza katika zahanati au kituo cha afya cha kata yako, ukiwa na kadi na dawa zote unazotumia. Anayehitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Musoma, kisha Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam.