Mwanachama ni Nani Katika Matatu za Likoni?

Abiria ashukaye feri upande wa Likoni hupokewa na sauti kabla hajapokewa na gari. Huyu aita Ukunda, yule Mtongwe, mwingine Shika Adabu. Watu wa feri hawaji mmoja mmoja kama wajavyo wa vituo vingine. Huja kwa mkumbo, mamia kwa wakati mmoja, kisha steji hupoa hadi chombo kingine kitie gati. Kwa sababu hiyo, jambo kubwa katika steji ya Likoni si wepesi wa dereva bali ni zamu. Gari lililo mbele pindi lango la feri linapofunguliwa hujaa kufumba na kufumbua, ilhali lililo la tano laweza kungoja mkumbo mwingine. Apangaye zamu ndiye agawaye riziki, na apangaye zamu ni chama.

Yamkini msomaji atauliza mwalimu wa isimu ana shughuli gani na matatu. Shughuli yake ni neno moja: mwanachama. Wanafunzi wa kidato cha pili wanajua kwamba "mwana" katika maneno ya namna hii si mtoto wa kuzaliwa. Mwananchi ni mtu wa nchi, mwanamaji ni mtu wa maji. Mwanachama basi ni mtu wa chama, na kwa mazoea ya lugha yetu chama nacho ni chake. Ana sauti ndani yake na ana haki ya kuuliza. Sasa nenda steji ya Likoni uulize nani kati ya watu wale ni mwanachama. Si dereva. Si utingo. Si yule kijana anayeita abiria tangu alfajiri hadi sauti ikamkauka. Katika vyama vingi mwanachama ni mwenye gari, ambaye huenda yuko Nyali au Nairobi na hajapanda matatu tangu aliponunua yake.

Watu wa Mombasa si wageni wa vyama. Vyama vya ngoma ya beni, Kingi na Skochi, vilikuwa na vyeo vya kila aina, michango na nidhamu, na viongozi wake walijulikana mtaa kwa mtaa. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na wa reli, pamoja na maelfu ya wengine, waligoma katika mji huu, na katika mgomo huo kikazaliwa chama cha Waafrika wafanyakazi kilichoongozwa na Chege Kibachia. Watu wa makabila mbalimbali walikutana hadharani wakajadiliana na kuamua, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Serikali ya kikoloni ilimkamata Kibachia mwezi wa Agosti mwaka uo huo, nadhani kwa kuwa ilielewa vyema kilichokuwa kikisemwa.

Historia ya vyama vya matatu ni ya mkondo mwingine. Jomo Kenyatta aliziruhusu gari hizo zichukue abiria bila leseni ya uchukuzi mwaka 1973, na sheria ikazitambua rasmi mwaka 1984. Wenye magari waliunda chama chao cha kitaifa katika miaka hiyo ya 1980, kwa hiari yao, nacho kikapigwa marufuku mwaka 1988 kwa kuwa kilikuwa na nguvu ya kusimamisha usafiri. Kisha zikaja kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa wafanyakazi. Mwishowe, mwaka 2010, serikali ilitangaza kwamba mwenye gari mmoja mmoja hatapewa tena leseni. Sharti awe ndani ya chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ambacho sote twakiita sako, au ndani ya kampuni. Kanuni za mwaka 2014 zikaongeza kwamba chombo hicho kiwe na magari yasiyopungua 30. Chama cha hiari kilikatazwa. Miaka 22 baadaye vyama vikaamrishwa.

Hapa pana kejeli ambayo sijaona ikitajwa mara nyingi. Mwaka ule ule wa 2010, mwezi wa Agosti, taifa lilizindua Katiba mpya, ambayo kifungu chake cha 36 chasema mtu hatalazimishwa kujiunga na chama cha aina yoyote. Mwanasheria atanijibu kwamba hakuna aliyelazimishwa, kwani asiyetaka sako aweza kuunda kampuni au kutafuta biashara nyingine. Jibu hilo ni sahihi kwa kadiri ya jibu la mwanasheria. Lakini ushirika, tangu wale watu 28 wa Rochdale huko Uingereza walipofungua duka lao mwaka 1844, umejengwa juu ya nguzo mbili: kuingia kwa hiari, na mtu mmoja kura moja. Ukiitoa nguzo ya kwanza, ya pili husimama kwa taabu.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 iliihifadhi nguzo hiyo ya pili. Mwenye matatu moja na mwenye matatu nane wana kura sawasawa katika mkutano mkuu. Mkutano huo ndio mwenye mamlaka ya mwisho. Ndio unaochagua halmashauri ya watu watano hadi tisa, na ndio unaopokea hesabu zilizokaguliwa. Kampuni haiko hivyo, kwani humo hisa ndizo zinazopiga kura. Tofauti hii ni kubwa mno, nami nashuku kwamba wengi waliotakiwa kuchagua kati ya sako na kampuni walichagua kwa kuangalia ada ya usajili.

Niliwahi kuketi nyuma kabisa katika mkutano mkuu wa chama kimoja cha namna hii, ambacho sitakitaja. Taarifa ya fedha ilisomwa kwa Kiingereza, ukurasa baada ya ukurasa, na msomaji akatoa jasho. Maswali yakaulizwa kwa Kiswahili. Mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akasema: "Bwana mwenyekiti, ile pesa ya bima ya mwezi wa Machi iko wapi?" Lilikuwa swali la maneno machache lisiloacha mwanya. Katibu aliandika kumbukumbu kwa Kiingereza, na nilipozisoma baadaye nilikuta kwamba wanachama walijadili hesabu na kuziridhia. Swali la mzee halikukataliwa wala halikujibiwa. Lilifasiriwa hadi likatoweka. Sisemi katibu alikuwa mwizi. Nasema kwamba mkutano uliongea lugha moja na daftari likaongea nyingine, na mkaguzi wa mwaka unaofuata husoma daftari.

Kifungu cha 7 cha Katiba chataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, kisha chakitaja tena pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Hata hivyo sheria ndogo za vyama hivi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, kwa kuigiza vielelezo vilivyokwisha kuwapo, na hutiwa sahihi na watu ambao mazungumzo yao yote ya biashara, kuanzia bei ya tairi hadi mzozo wa zamu, ni ya Kiswahili. Wenzangu katika taaluma hulalamika kwamba Kiswahili hakina istilahi za uongozi. Malalamiko hayo yamechakaa. Akidi tunayo, kumbukumbu tunazo, na mweka hazina, ajenda, hoja, pingamizi na kura ya siri pia tunazo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyaandika mahali penye pesa.

Madhara yake hayaishii kwenye karatasi. Mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, imepata mara kadhaa kuisimamisha sako nzima kwa kutotimiza masharti. Inaposimamishwa sako, husimama magari yote, la mkosaji na la asiyekosa. Halmashauri ya watu tisa ikizembea kuwasilisha karatasi, utingo wa Timbwani hulala bila mkate ilhali hakumchagua hata mmoja wa wale tisa. Kanuni za 2014 zilitaka madereva na makondakta waajiriwe kwa mkataba wa maandishi. Utawakuta wangapi steji wenye mkataba mfukoni? Wengi hulipwa kwa kile kinachobaki baada ya fungu la mwenye gari, mafuta na ada ya chama, na mwenzao wa skwodi hulipwa kwa kile kinachobaki baada yao.

Huko Uingereza kuna taasisi ya wataalamu wa uchukuzi iliyoasisiwa mwaka 1919 na kupewa hati ya kifalme mwaka 1926, nayo ina tawi hapa Kenya. Uanachama wake hupatikana kwa elimu na uzoefu wa kazi. Sisemi tuiige, kwani ni taasisi ya mameneja wenye vyeti nayo ina makuu yake. Lakini ina wazo moja la kutufaa: kwamba mtu aweza kuwa mwanachama kwa sababu anaijua kazi. Katika steji ya Likoni anayeijua kazi, anayejua kwamba feri ikichelewa nusu saa mkumbo utakuwa mara mbili na magari ya Ukunda yapangwe mapema, ni mtu aliyesimama juani. Hana kura kwa kuwa hati ya gari haina jina lake. Wako wenye magari watakaosema kwamba kumpa dereva kura ni kumpa mpangaji hati ya nyumba. Nawaelewa, mkopo wa benki ni wao na gari likianguka hasara ni yao. Lakini sheria haizuii chama kuwaandikisha wafanyakazi kama wanachama wenye hisa ndogo na akiba yao, na kwa kuwa ni ushirika, hisa ndogo ina kura kamili. Dar es Salaam madereva na makondakta wa daladala walipoona chama cha wenye mabasi hakiwahusu waliunda wao, UWAMADAR, wakaanza kudai mikataba. Hiyo nayo ni njia, japo huzaa pande mbili zinazokutana kwa kugombana tu.

Kwa walimu wa Likoni na kwingineko nina ombi dogo. Katika masomo ya insha tunawafunza wanafunzi kuandika kumbukumbu za mkutano, na kila mwaka wanaandika za chama cha mazingira kisichokuwapo. Wapeni sheria ndogo za sako ya mtaa wao, kwa idhini ya wenyewe, wazitafsiri. Wengi wao baba zao, wajomba zao na kaka zao wako steji, na makosa yao ya tafsiri yatasahihishwa nyumbani kabla hayajafika kwenu. Watakwama upesi. Ipo kamati inayochaguliwa na mkutano mkuu ili kuwaangalia walio katika halmashauri, na wengine huiita kamati ya usimamizi, jina ambalo msikilizaji hulidhania kuwa la halmashauri yenyewe, maana ndiyo inayosimamia kila kitu. Matokeo yake ni kwamba wanachama wengi hawajui kuwa kamati hiyo ipo, na kwamba ndiyo iliyostahili kupelekewa swali la bima ya mwezi wa Machi. Mimi ningeiita kamati ya uangalizi. Mwenye neno bora alilete.