Leza Mchana Kweupe: Rangi Kabla ya Nguvu (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona leza inavyozalisha mwanga wa rangi moja na kuurusha katika mwali mwembamba. Leo tunaitoa darasani na kuipeleka juani.

Mchukue bwana shamba wa kata ya Isansa, wilayani Mbozi, akiwa kwenye shamba darasa la kahawa saa tano asubuhi. Wilaya hiyo ndiyo yenye kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI, pale Mbimba, kwa hiyo habari za magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani si ngeni kwa wakulima wake. Bwana shamba anataka kuwaonyesha tawi lililoshikwa na kutu, juu kidogo, bila kumsukuma kila mtu asogee. Ana leza nyekundu ambayo ukumbini ilikuwa ikiwaka barabara. Anaibonyeza. Hakuna anayeona kitu. Wengi wetu hapo tungesema: hii haina nguvu, nitafute kubwa, mjini Tunduma hazikosekani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo fedha hupotea, na pengine macho pia.

Tuanze na mpinzani mwenyewe, yaani jua. Mwanga unaoangukia mahali hupimwa kwa laksi, na ndani ya darasa lenye mwanga wa kutosha kipimo huwa laksi 300 hadi 500. Nje kivulini hufika laksi 10,000 au zaidi, na jua la utosini ni laksi 100,000. Nukta ya leza haiangukii penye giza. Inaangukia jani ambalo jua limekwisha kulimulika, na ni lazima ilizidi jua hilo au angalau ilikaribie.

Jicho nalo lina upendeleo. Mchana huona vizuri zaidi mwanga wa nanomita 555, kijani kinachoelekea njano. Leza ya kijani iliyozoeleka, ya nanomita 532, hupata asilimia 88 ya kilele hicho. Nyekundu ya 650, asilimia 11 tu. Kwa nguvu ile ile, basi, kijani huonekana mara nane zaidi. Anayelazimika kununua nyekundu atafute ya 635, ambayo jicho huiona mara mbili ya 650. Bluu ya 450 haifiki hata asilimia 5. Zambarau ya 405 ni hasara tupu: jicho haliioni karibu kabisa, lakini nishati yake inaingia ndani vilevile, na mtu akidhani ni hafifu huongeza nguvu.

Sasa tupige hesabu. Leza ya kijani ya miliwati 5 yenye nukta ya upana wa milimita 5 hutoa kama laksi 150,000 pale inapoangukia. Imelizidi jua. Nyekundu ya 650, yenye miliwati na upana huo huo, haifiki laksi 19,000. Ukumbini hizo ni takriban mara arobaini ya mwanga uliopo, shambani zimezama.

Ila mwali hupanuka. Leza nyingi za mkononi huongeza upana wa kama milimita 1 kwa kila mita 1 ya safari, hivyo umbali wa mita 50 nukta yetu inakuwa na sentimita 5 na zaidi, na laksi zake zinaporomoka hadi kama 1,300. Ili kulingana na jua hapo ungehitaji takriban miliwati 400. Hiyo ni leza ya daraja la 3B, ambayo jicho likipigwa nayo moja kwa moja linaweza kujeruhiwa kabla mtu hajapepesa. Kupepesa huchukua kama robo sekunde, na hutosha kutulinda dhidi ya miliwati 1. Marekani imeweka kikomo cha miliwati 5 kwa leza za kuonyeshea. Australia tangu 2008 inazuia kuingiza bila kibali zinazozidi miliwati 1.

Na lebo usiiamini. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilieleza ilivyopima leza 122: karibu asilimia 90 ya za kijani na asilimia 44 ya nyekundu hazikufuata kanuni za usalama. Zile ndefu zenye betri ya kuchaji na kiufunguo cha kuzimia mimi nisingezipeleka mbele ya watoto hata zikiandikwa nini.

Kijani cha 532 kina hila nyingine. Hakizaliwi kijani, huanza kama mwanga usioonekana wa nanomita 808, ukapita kwenye fuwele ukawa 1064, kisha fuwele ya pili ikaukata urefu huo nusu. Mtengenezaji akibana gharama na kuacha kichujio, mwanga usioonekana hutoka pamoja na kijani. Fuwele hizo pia hazipendi baridi, na asubuhi za Juni na Julai kule Mbozi zina baridi ya kutosha kuifanya leza ififie. Aina mpya ya nanomita 520 hutoa kijani moja kwa moja. Jicho huiona kidogo chini ya 532, ila haina matatizo hayo mawili, nami ningeichagua hiyo.

Kahawa yenyewe ina neno lake. Jani hurudisha kijani kuliko nyekundu, lakini nukta ya kijani juu ya kijani huchelewa kutambulika. Itikise kidogo, jicho hukamata kinachosogea. Msimu wa kuchuma mambo hugeuka: buni mbivu humeza kijani, na nukta iliyong'aa kwenye jani hufifia ikigusa tunda jekundu. Hapo elekeza kwenye kikonyo.

Kwa shamba la Isansa, leza ya kijani ya 520 isiyozidi miliwati 5 inatosha kwa mita tano hadi kumi, mradi somo lifanyike upande wa mti wenye kivuli, leza ielekezwe juu ya vichwa vya watu, na asisimame mtu nyuma ya mti. Tawi likiwa mbali zaidi ya hapo, wakulima wasogee.

Juma lijalo: leza za mafundi ujenzi, na kwa nini juani hutumia kipokezi badala ya macho.