Viti vya Ufalme Ulaya: Kipimo Kutoka Msovero

Amma baad. Ndugu Waislamu, wanafunzi huuliza: watu wa Ulaya wanajisifu kwa demokrasia, mbona bado wana wafalme, na je, watadumu? Kipimo cha jibu kipo hapa hapa wilayani Kilosa.

Novemba 1884, Mangungo wa Msovero, katika Usagara, alitia alama kwenye karatasi ya Mjerumani Carl Peters, iliyodai kwamba ameitoa nchi yake. Februari 1885 Kaisari Wilhelm I akaipa jumuiya ya Peters hati ya ulinzi. Sayyid Barghash wa Zanzibar alipopinga, zikaletwa manowari.

Fuqahaa wana kanuni kwamba tasarrufi ya kiongozi juu ya raia imefungamana na maslahi yao. Imamu Suyuti ameitaja katika al-Ashbah wan-Nadhair, na asili yake ni kauli ya Imamu Shafi aliyemfananisha kiongozi na walii wa yatima. Walii husimamia mali, haimiliki. Basi mkataba wa Msovero ni batili, hata kama Mangungo angelielewa kila neno lake.

Sasa tazama mwisho wa mambo. Kiti cha Kaisari kilianguka Novemba 1918. Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, na Sultani Jamshid akapinduliwa Zanzibar tarehe 12 Januari 1964. Italia mwaka 1946 na Ugiriki mwaka 1974 ziliuondoa ufalme kwa kura za raia.

Waliobaki ni akina nani? Uingereza alitawazwa Charles III mwaka 2023, na Denmark Malkia Margrethe II alimwachia mwanawe kiti mwaka 2024. Hao huvaa taji, lakini sheria hutungwa na bunge. Hata Liechtenstein, ambako mtawala bado ana nguvu, katiba inawapa raia njia ya kuuondoa ufalme kwa kura. Viti hivyo basi vimesimama kwa ridhaa ya watu, na ridhaa hiyo ikiondoka, damu ya kifalme haitaviokoa.

Maimamu wa Kilosa na Mikumi, msidhani habari hii ni ya Wazungu peke yao. Anayerithi uimamu kwa baba yake, au anayeshika hati ya kiwanja cha wakfu, naye ni walii. Akikiuza kwa manufaa yake, amefanya yale yale ya Msovero. Ufalme wa kweli ni wa Mwenyezi Mungu, kama tunavyofunzwa katika Aali Imran, aya ya 26. Sisi tumekabidhiwa tu, na tutaulizwa.

Wallahu aalam.